Msalaba wa Hemani na Kichwa cha Kaka Yako

Mbotela, Nairobi
Jumapili, mwezi wa tano

Kwako Mama Ayub,

Nakusalimu kabla hujakasirika. Mgongo unaendeleaje? Na yule ng'ombe wa pembe moja, bado anakupiga teke ukimkamua, au amepata adabu kuliko jamaa zako wengine? Mahindi yamefika wapi? Hapa mimi ni mzima, mafua kidogo tu, na kidole gumba cha mkono wa kulia kimevimba. Sababu ya kidole utaikuta humu ndani, usiruke mistari kuitafuta.

Nakuandikia mbio kwa sababu najua kaka yako Zablon naye ameshika kalamu. Nilimwona akinunua bahasha, ile ya pembe nyekundu na buluu, kana kwamba anaiandikia serikali ya Ulaya. Atakuambia kwamba nimempasua kichwa kwa mti, na kwamba nimehamia dini ya Waislamu wa Majengo. Hilo la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili muulize Bi Mwanaidi, atacheka mpaka ushungi umwanguke. Soma yangu kwanza, ndipo usome yake, na ukifika mahali pa kichwa usisome kwa sauti mbele ya mama yako. Yule ni mama mkwe wangu, na kwa uzee wangu wote huu bado namwogopa.

Mvua ya mwaka huu haina haya. Mto ulipanda ukaingia Majengo kwa nyuma kama mwizi, nyumba za udongo zikalegea. Sisi wa Mbotela kuta zetu ni za mawe, zilijengwa na kanjo ya jiji, maji yalifika kizingitini yakapiga hodi yakarudi. Lakini kule Majengo watu walitoka na magodoro vichwani. Na Bi Mwanaidi, katika kuhangaika kuokoa majamvi yake, akakanyaga bati lililotoka paani. Likamchana wayo.

Bi Mwanaidi sina haja ya kukueleza ni nani, lakini nitakukumbusha, maana wewe na kaka yako mmenyonya ziwa moja na huenda usahaulifu ni wa ukoo. Ndiye aliyenipa chumba nilipofika Nairobi na kisanduku cha bati bila mtu wa kuniuliza nimekula nini. Ndiye aliyekukanda kwa maji moto ulipojifungua Ayub, akakupikia uji wa pilipili manga. Zablon siku zile alikuwa akikaa mtaa wa pili tu, na hakuja kumwona mtoto wa dada yake. Ati nyumba ina harufu ya udi. Hayo sijayasahau na sina mpango wa kuyasahau.

Basi nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amekaa kitandani, mguu juu ya debe, umevimba na kugeuka rangi ya biringani. Kidonda alikuwa amekifunga kwa kanga na majani anayoyajua mwenyewe. Harufu yake, Mama Ayub, hata udi ulishindwa. Nilifanya kazi reli, nimeona miguu iliyoachwa hivyo, na nimewaona wenyewe baadaye wakitembelea gongo. Nikaogopa kweli.

Nikamwambia, "Bi Mkubwa, twende hemani."

"Hema gani?"

"Lile la watu wa msaada, pale uwanjani. Wana dawa, wana blanketi, wana maziwa ya unga."

"Pale penye msalaba?"

Maana hema lile lilikuwa na bendera nyeupe juu yake, na katikati msalaba mwekundu, unaonekana mpaka ng'ambo ya mto.

"Pale pale," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayetazama nazi mbovu. "Baba Ayub, nimekaa Majengo hii tangu nasuka nywele za kitoto. Hakunigeuza padri wa Kizungu, nije nigeuzwe na bendeji?"

"Hawamgeuzi mtu, bwana! Wanafunga vidonda."

"Hawageuzi? Mbona shemeji yako anaimbisha watu pale mlangoni?"

Sikuamini. Nikaenda kujionea mwenyewe.

Mama Ayub, kaka yako alikuwa amesimama mbele ya hema na koti lake jeusi, tai shingoni, Biblia kwapani, anapanga watu. Kumbe wale wa msaada walikuwa wachache, wamebanwa na kazi huko ndani, wakachungulia nje kutafuta mtu mzima wa kunyoosha foleni. Wakamwona mwenye tai. Watu wengi wameingizwa taabuni na tai, lakini hawa walizidi. Zablon alipopewa ruhusa ya kusema "songa mbele" akatazama juu, akauona msalaba, akajua kwamba kanisa lake limefungua tawi.

Foleni aliigawa. Wenye kadi ya ubatizo mbele. Wasio na kadi nyuma, wangoje, na wakingoja waimbe. Mama mmoja wa Majengo alikuwa na mtoto anayekohoa mgongoni, akasikiliza ubeti wa kwanza, akageuka akarudi alikotoka. Nikamwona kwa macho yangu. Na kaka yako akamwona pia, akaanzisha ubeti wa pili.

Nikamwendea. "Zablon, nataka dawa ya mguu wa Bi Mwanaidi."

"Karibu, shemeji. Umekuja na kadi?"

"Kadi ya mguu?"

"Ya ubatizo. Mara ya mwisho kukuona kanisani ulikuwa unaoa."

"Na ona yaliyonipata." Nisamehe hapo, Mama Ayub, nilikuwa namlenga yeye, wewe ulipita tu njiani.

Akanyoosha kidole juu. "Hicho ni nini?"

"Bendera."

"Ni msalaba. Na msalaba una wenyewe."

"Mguu wa mtu unaoza, Zablon!"

"Simfukuzi mtu. Aje, asimame hapa na wenzake, aimbe kidogo, atatibiwa. Kuimba kunaumiza nini?"

Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee, wacha noma, foleni haiendi." Nikaondoka, si kwa sababu ya kijana. Niliondoka kwa sababu nilikuwa nimeshapata dawa ya Zablon.

Nilijiambia hivi: ikiwa msalaba una wenyewe, mwezi nao una wenyewe. Unajua kazi yangu siku hizi ni kushona maturubai ya malori, na vipande havikosi. Nilikuwa na kipande chekundu kizuri kilichobaki kwenye turubai la tajiri mmoja wa mboga wa Kariobangi. Nikakata mwezi mchanga. Kitambaa cheupe sikuwa nacho, ila shuka. Ndiyo, ile. Ile uliyoniletea Krismasi ukasema nisiilalie na miguu michafu. Sijailalia, kwa hiyo ilikuwa safi, na nakuomba ukasirike mara moja tu kwa yote, usigawe kidogo kidogo. Nikaushona mwezi juu yake kwa sindano kubwa ya maturubai. Mkono wangu si ule wa zamani, ukatoka umepinda zaidi ya nilivyotaka. Lakini ulikuwa mwezi.

Kesho yake nikachukua mti mrefu wa mkaratusi, nikafunga shuka, nikaenda kuuchimbia upande wa pili wa hema. Nikapaza sauti: "Wasio na kadi, huku! Hapa hakuna kuimba!"

Ungeona Majengo ilivyotoka! Walikuja wakicheka, wanashangilia: "Mzee wa Mbotela amesilimu!" "Takbiri!" Yule mama wa mtoto wa kikohozi akarudi. Na Bi Mwanaidi, aliposikia vicheko, akashindwa kukaa na debe lake. Alikuja ameegemea mabega ya jirani zake wawili, anaruka kwa mguu mmoja, wakamketisha kwenye kigoda. Akaitazama bendera yangu, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Baba Ayub, ndizi hiyo umeitundika ya nini?"

"Ni mwezi, Bi Mkubwa!"

"Mwezi wa wapi huo?"

Kabla sijamjibu Zablon alifika. Aliukamata mti wangu kwa mikono miwili, akavuta. Nami nikavuta. Yeye anasema, "Toa uchafu huu hapa!" Mimi nasema, "Toa kwanza nyimbo zako!" Watu wamefanya duara, wengine wanamshangilia yeye, wengine mimi, dawa imesahaulika. Mimi fundi wa kamba, najua kuvuta, na nasema wazi kwamba nilimshinda. Mti uling'oka mikononi mwake. Ila katika kung'oka ulibana kidole changu gumba, nikauachia, na ulipoachiwa haukuwa na pa kwenda ila juu ya kichwa cha kaka yako. Ukampasua juu ya jicho. Damu ikamwagika mpaka kwenye tai.

Hivyo ndivyo nilivyompiga. Kama huko ni kumpiga basi nimempiga, na nilipomwona ameketi matopeni sikulia.

Hapo akatoka ndani ya hema dada mmoja Mkamba, Ndunge, mwenye aproni nyeupe na ule msalaba mwekundu kifuani. Ni mdogo kuliko Ayub wetu, lakini ana sauti ya mnyapara.

"Mmemaliza?"

Nikasema, "Mwanangu, huyu ndiye aliyeanza."

"Sikuuliza nani alianza." Akamkalisha Zablon juu ya kreti la maziwa. "Wewe mwenye ndizi, njoo ushike karai."

"Mimi? Nimshikie huyu?"

"Una mikono? Shika."

Nikashika karai. Damu ya kaka yako ikadondoka ndani, naye akaninong'oneza, "Utajibu mbele ya mama." Nikamjibu kwa kulitikisa karai kidogo, maji yakamwingia puani.

Alipokuwa akisafishwa, badala ya kunyamaza, akasema kwa sauti wote wasikie: "Dada, hebu mwambie huyu mpagani msalaba huu ni wa nani."

Ndunge akasema, "Si wako."

Hata mimi sikutegemea.

"Ni wa Kristo," Zablon akasema.

"Mzee, tulia nikushone. Kulikuwa na vita huko Ulaya zamani, majeruhi wameachwa wamelala mashambani, hakuna wa kuwapa maji. Akapita mfanyabiashara mmoja wa Uswisi, alikuwa na shughuli zake tu. Akaziacha, akakusanya wanawake wa kijijini, wakawafunga vidonda askari wa pande zote mbili, huyu na adui yake. Baadaye nchi zikakaa, zikataka alama moja ya watu wa kazi hiyo, ili askari akiiona asipige risasi. Bendera ya Uswisi ni nyekundu, ina msalaba mweupe. Wakaigeuza rangi. Wakaweka kitambaa cheupe, msalaba mwekundu. Imekwisha."

"Imegeuzwa tu?" nikauliza.

"Imegeuzwa tu."

Mama Ayub, furaha niliyoipata hapo sijaipata tangu nistaafu. Nikamwinamia sikioni. "Zablon, umewaimbisha watu chini ya bendera ya wafuga ng'ombe wa Uswisi, iliyogeuzwa ndani nje kama shati la mlevi!" Majengo nzima ikacheka. Kaka yako akafumba lile jicho zima.

Lakini sikucheka sana, kwa sababu Ndunge alinigeukia mimi.

"Na wewe unacheka nini? Nani alikupa ruhusa ya kukata alama?"

Nikasema, "Mwezi si wa kwao hawa?"

"Mwezi mwekundu upo kweli. Waturuki walikuwa vitani wakasema askari wetu wakiona msalaba wanaona dini ya adui, wakatumia mwezi, na kazi ni ile ile. Kuna nchi zinazotumia huo, hapa kwetu tunatumia msalaba. Lakini haukatwi kwenye turubai la lori! Hii alama kazi yake ni kumwambia mwenye bunduki, hapa usipige. Kila fundi akijishonea yake kwa ajili ya kumkomoa shemeji, siku ya bunduki nani ataiamini?"

 Nimetafuta jibu mpaka leo na bado sina, na hilo linaniudhi.

"Fumua," akasema.

Nikaketi chini mbele ya watu wote, na kidole kimevimba, nikafumua uzi mmoja mmoja. Nilikuwa nimeushona vizuri mno, uzi wa maturubai hautoki kwa kubembelezwa. Mwezi ulipotoka Ndunge akaichukua shuka akainusa.

"Ni safi?"

"Haijalaliwa. Mke wangu ataniua."

"Bendeji zimeniishia." Akaichana praa! Akafunga kichwa cha Zablon kuzunguka na kuzunguka.

Muda huo wote Bi Mwanaidi alikuwa kwenye kigoda chake, anatutazama. Nilidhani maneno ya Uswisi na Waturuki yamemwingia. Wapi. Baadaye aliniambia hakusikia hata nusu, masikio yake ni ya uzee. Yeye alikuwa akiangalia mikono. Akamwita Ndunge.

"Mwanangu, huyu wa tai umemdai kadi?"

"Sikumdai, bibi."

"Na huyu wa ndizi, aliyempasua mwenzake, umemfukuza?"

"Ningemfukuza nani angeshika karai?"

"Umewaimbisha?"

"Mimi naimba vibaya, bibi, wagonjwa wangekimbia."

Bi Mwanaidi akavuta buibui lake kidogo, akafungua ile kanga, akauweka mguu juu ya kreti, pale pale alipotoka kuketi Zablon. "Haya nifunge na mimi. Kama mnawatibu hawa wawili, basi hamchagui. Ila nitasoma Bismillahi yangu kwa sauti, asikie huyo wa tai."

"Soma, bibi. Usaha ni mwingi, usimalize kabla yangu."

Akasoma. Na kaka yako, kichwa kimefungwa, hakuanzisha ubeti wowote.

Ndunge alipomaliza alituita pembeni, uso umebadilika. Akasema sindano ameshampiga, lakini kidonda kimeingia ndani, kisiposafishwa kila asubuhi mguu utakatwa. Na hawezi kuukanyagia.

"Basi ataletwa," akasema. "Nyinyi wawili mtambeba na kiti. Huyu kushoto, huyu kulia."

Zablon akasema, "Mimi na huyu?"

Nami, kwa mara ya kwanza tangu nikuoe, nilikubaliana na kaka yako. "Ndiyo, mimi na huyu?"

"Mmoja peke yake hawezi kubeba kiti," Ndunge akasema, akaingia ndani. Foleni akampa mama mmoja muuza samaki, na tangu siku hiyo inakwenda vizuri.

Kwa hiyo kila asubuhi, Mama Ayub, nafika Majengo namkuta kaka yako amesimama mlangoni kwa Bi Mwanaidi, nje, pua ameigeuzia upepo. Hatusalimiani. Tunainua. Bi Mwanaidi anakaa katikati kama mke wa gavana, anatuamuru: "Wa tai, inua upande wako, unanimwaga! Wa ndizi, usikimbie, si gari moshi hili!" Tukikosana hatua yeye ndiye anayeumia, akiumia anapiga kelele, na tukisikia kelele tunalinganisha hatua. Basi tunalinganisha. Hiyo si kusema tumepatana. Mimi bado nakumbuka uji wa pilipili manga na mtoto asiyetazamwa, na yeye bado anahesabu mishono yake kwa kidole akidhani simwoni.

Jambo moja tu linanipa nguvu za kubeba. Ile shuka yako kichwani mwake, kwa jinsi Ndunge alivyoizungusha, imetokea kilemba safi kabisa. Tukipita Majengo wazee wanaoketi barazani wanamwinukia: "Salaam aleikum, shehe!" Siku za kwanza alitazama mbele kama hakusikia. Lakini wale hawachoki, usipojibu wanarudia kwa nguvu zaidi na watoto wanafuata. Leo asubuhi niliisikia kwa masikio yangu, chini chini, meno yamebanwa: "Aleikum salaam." Bi Mwanaidi alicheka mpaka kiti kikayumba, nikacheka mimi, na nusura tumwangushe sote wawili.

Uvimbe umeshuka. Rangi ya biringani imerudi nyuma mpaka kwenye kisigino, na jana vidole vilicheza vyenyewe vikiguswa. Ndunge anasema tusianze kushangilia, lakini alitabasamu alipodhani hatumwoni. Namwombea yule mama apone upesi, kwa ajili ya mguu wake, na pia kwa sababu sitaki kukaribiana na kaka yako siku moja zaidi ya zile zinazotakiwa.

Nisalimie mama mkwe. Mwambie mwanawe ana mshono mzuri kuliko yote Nairobi hii, na kwamba karai alishikiwa na mtu wa nyumbani. Usimwambie ni nani. Nisalimie dada yangu mkubwa, aache kukugombeza juu ya kuni. Nisalimie jirani yetu fundi wa baiskeli, na mkewe aliyekupa mbegu za kunde. Ayub akifika likizo mwonyeshe barua hii, ajue mjomba wake. Bi Mwanaidi anakusalimu sana, anasema mgongo ukikusumbua usinywe vidonge, uje akukande. Shuka nyingine ukiileta, isiwe nyeupe.

Mimi mume wako, upande wa kulia wa kiti,

Baba Ayub